Klivia yangu: miaka sita kivulini, majani tele, ua hakuna. Nakosea wapi?

Mwanakivuli (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau wa bustani. Huwa nasoma tu humu na kupita, leo nimeshindwa kuvumilia.

Nina klivia, ile ya maua ya rangi ya chungwa. Nilipewa shina moja miaka sita iliyopita, nikalipanda chini ya mti mkubwa, mahali ambapo nyasi ziligoma zamani na kila nilichojaribu kilikufa. Klivia haikufa. Imezaana mpaka sasa nina mashina manane pale chini, na mengine nimeshagawa. Majani marefu, kijani cha kung'aa, mtu akipita anasifia. Ila maua yake sijawahi kuyaona hata siku moja.

Halafu ninayo nyingine kwenye chungu barazani. Hiyo inatoa ua kila mwaka, lakini ua lenyewe linafumka humo humo katikati ya majani, limebanwa. Bua halipandi. Ukitaka kuliona inabidi upanue majani kwa mikono miwili kama unachungulia uzio wa jirani.

Zote nazimwagilia kila asubuhi. Samadi iliyooza naweka kila mwezi. Sijui nimenyima nini. Msaada tafadhali.

Jembe Jipya

Dada, tatizo ni kivuli. Mmea usioona jua hauchanui, hilo halihitaji mtaalamu. Hamishia juani wiki tatu halafu uje utushukuru.

Bi Kitalu

Jembe mwanangu, usimwunguzie mwenzio mmea.

Hilo la jua ni kweli kwa alizeti. Klivia ni mtu wa msituni. Kwao ni misitu ya upande wa mashariki wa Afrika Kusini na Eswatini. Inaota chini ya miti, juu ya majani makavu yaliyolundikana, kwenye nyufa za mawe, na mara nyingine juu kabisa kwenye panda ya mti palipokusanyika mboji kidogo. Jua huko linafika kwa vipande vipande. Ukiiweka kwenye jua la mchana majani yanababuka, yanapata mabaka meupe kisha ya kahawia. Na jani la klivia likishaungua halirudi. Kwa kuwa jani moja hukaa miaka, hilo kovu mtatazamana nalo muda mrefu.

Ila Jembe hajakosea moja kwa moja. Kivuli si giza. Mimi napima hivi: simama mmea ulipo saa sita mchana, nyosha mkono, tazama chini. Ukiona kivuli cha mkono chenye kingo hafifu, hapo ndipo. Kikiwa kikali kama kimekatwa kwa mkasi, hapo ni juani. Usipoona kivuli chochote, pana giza mno. Mmea utaishi, lakini ua litakuwa la bahati nasibu. Jua la asubuhi na mapema halina neno.

Babu Majani

Mwanakivuli, kabla sijasema lolote nijibu haya.

Kila shina la pale chini lina majani mangapi? Hesabu, usikadirie. Mara ya mwisho umeyagawa lini? Chungu cha barazani ni kikubwa kiasi gani na udongo wake ni wa nini? Na huko uliko, msimu wa baridi usiku hushuka nyuzi ngapi?

Kimya Kingi

Natandika mkeka hapa.

Mwanakivuli

Shikamoo Babu. Bi Kitalu, asante, nimepima kwa mkono kama ulivyosema na kingo ni hafifu kote kuwili, kwa hiyo kivuli kiko sawa.

Nimehesabu. Pale chini shina kubwa kuliko yote lina majani 9. Mengine 7, 6, 6, na yaliyobaki chini ya hapo. Kugawa... kila mwaka mvua zikianza. Watu wanaomba na mimi sijui kukataa.

Ya chungu ina majani 16. Chungu ni kikubwa, nilikihamishia mwaka juzi ili ijinafasi. Udongo ni mweusi wa bustani na samadi, nusu kwa nusu. Baridi ya huku usiku hufika nyuzi 10 hivi, ila ikianza tu huwa nakiingiza chungu ndani. Naionea huruma.

Babu Majani

Marahaba. Una wagonjwa wawili na unawapa dawa moja.

Mgonjwa wa kwanza ni yale ya chini. Klivia haichanui mpaka shina lifikishe majani kama 12. Iliyotokana na mbegu huchukua miaka mitatu hadi mitano kufika hapo, na ni mmea usio na haraka, kwa mwaka hutoa majani machache tu. Wewe kila mwaka unakwenda na jembe, unakata mizizi, unatenganisha mama na watoto, kila mmoja anaanza kujenga upya. Ukirudi mwaka unaofuata, kata tena. Hapo ua litatoka wapi? Yaache. Usiyaguse miaka mitatu. Anayeomba mwambie asubiri mbegu.

Mgonjwa wa pili ni tofauti kabisa. Hiyo ya chungu imekomaa na ua inatengeneza. Kinachokosekana ni mapumziko. Kichwa cha ua hujiunda ndani, chini kabisa kati ya matako ya majani, yaani pale majani yanapoanzia kwenye shina, na hukaa pale kikisubiri. Kinachokiambia bua lirefuke ni kipindi cha baridi na ukavu: wiki 6 hadi 8, usiku wa nyuzi 10 hadi 12, maji karibu hakuna, mbolea hakuna kabisa. Baada ya hapo joto likirudi, bua linapanda. Bila kipindi hicho ua linafumka pale pale lilipo. Hicho ndicho unachokichungulia.

Sasa tazama unachofanya. Baridi inakuja, mmea unataka kulala, wewe unauingiza ndani penye joto na kuumwagia maji kila asubuhi. Unauamsha kila unapofumba macho.

Msimu ujao wa baridi uuache nje barazani, usilowe mvua, na maji uwe unaupa kijiko tu pale majani yanapoanza kulegea. Ukiona bua limechomoza, usikimbilie ndoo. Subiri lifike kama sentimita 15 juu ya matako ya majani, ndipo uanze kumwagilia kidogo kidogo. Ukianza mapema linakwama njiani. Tahadhari moja: baridi ya kugandisha maji haiiwezi. Majani yanageuka kama mboga iliyochemshwa, na barafu ikifika kwenye kitovu cha shina, ndiyo basi tena.

Mwanakivuli

Babu umenivua nguo hadharani lakini nimeelewa. Wote niliowagawia nao wananilalamikia kwamba hazichanui, na mimi nilikuwa nawaambia wazidishe samadi 🙈

Jembe Jipya

Sasa Babu, sisi ambao usiku wetu hauteremki chini ya nyuzi 20 mwaka mzima tufanyeje, tuhamie kwenye jokofu?

Babu Majani

Jokofu waachie maziwa. Pasipo baridi, ukavu hufanya sehemu ya kazi. Panda ardhini badala ya kwenye chungu, upande wa nyumba au wa mti usiopigwa na jua la jioni, mahali penye ubaridi kuliko pengine pote ulipo. Kiangazi kikifika uiache ikauke kwelikweli, wiki 8. Zipo zitakazochanua, zipo zitakazokwama. Ukipata shina linalochanua kwenye joto lako, hilo ndilo la kuzalisha, mengine yafanye kuwa mapambo ya majani.

Msomi wa Mboji

Na mapambo ya majani si jambo la kudharau. Changchun, kaskazini-mashariki mwa China, klivia ndiyo ua la jiji, na wakuzaji wa mimea wa huko wamehangaika vizazi kwa vizazi kupata jani fupi, pana, lenye mishipa inayoonekana kama imechorwa. Ua kwao ni nyongeza. Nimeona picha za mimea ambayo majani yake yamepangana kushoto na kulia sawasawa kama feni iliyokunjuliwa, nikaona haya kwa yangu iliyolala huku na huku.

(Kidokezo: yanalala kwa sababu mwanga unatoka upande mmoja. Elekeza feni ya majani ili upande wake mmoja mpana utazame dirisha, na ukizungusha chungu, zungusha nusu ya mzunguko kwa mara moja, usizungushe kidogo kidogo.)

Bi Kitalu

Wote mmesahau kitu kimoja alichosema dada, nacho kimeninyima usingizi. Chungu kikubwa, udongo mweusi nusu samadi, maji kila asubuhi. Mwanakivuli, hebu ing'oe hiyo ya chungu utazame chini. Nina wasiwasi.

Mwanakivuli

Bi Kitalu, una macho gani wewe?

Nimeing'oa. Robo tatu ya mizizi imeoza. Ukiishika inavuka ngozi kama soksi, ndani kunabaki uzi tu. Harufu siisemi. Iliyobaki hai ni michache ya juu, minene kama kidole, myeupe. Majani bado mazuri, hata sikujua! Nimekaa chini naitazama. Nifanye nini, haraka.

Bi Kitalu

Hakuna haraka, na hiyo ndiyo raha ya klivia. Inaweza kukaa bila udongo siku kadhaa na isijali.

Kwanza jua ulichokishika. Mzizi wa klivia si kama wa mchicha. Ni mnene, umevikwa ganda jeupe linalofyonza maji kama sponji, sawa na wa okidi. Hiyo ngozi iliyovuka ndiyo sponji yenyewe. Imeumbwa kwa ajili ya kulowa haraka mvua ikinyesha, kisha kupata hewa. Ukiizika kwenye udongo mzito uliolowa siku zote, inakosa hewa, inaoza, na majani hayakwambii kitu kwa sababu shina lina akiba yake. Chungu kikubwa kinaongeza ubaya: mizizi haikijazi, maji yanabaki katikati bila wa kuyanywa.

Fanya hivi. Osha mizizi yote kwa maji safi. Kata kila kilicholegea kwa kisu kilichopitishwa motoni, mpaka ufike penye nyama ngumu nyeupe. Tazama kitako cha shina chenyewe: kikiwa kigumu, umepona. Kikiwa laini na kinanuka, kata zaidi mpaka kiwe safi, na ukikata mpaka kati ukakuta bado uji, itupe mbali na nyingine, hapo ni bakteria na hakuna dawa. Paka vidonda unga wa salfa au wa mkaa. Uache kivulini siku mbili tatu vikauke.

Chungu: chagua kinachoacha nafasi ya vidole viwili tu kuzunguka mizizi iliyobaki. Klivia inapenda kubanwa. Itapasua chungu siku moja, na wewe ufurahi.

Cha kupandia: magome ya msonobari yaliyokatwakatwa, vipande vya ukubwa wa ukucha, sehemu tatu. Mchanga mnene wa mtoni sehemu moja. Mboji iliyoiva ya majani sehemu moja. Samadi usiweke. Kipimo cha mwisho ni hiki: mwaga maji juu. Yakichungulia chini kabla hujahesabu kumi, mchanganyiko ni mzuri.

Shingo, yaani pale majani yanapoanzia, iwe juu ya udongo. Watu wengi huizika ili mmea usimame, kisha maji yanatuama mle ndani. Ikiyumba, ifunge kwenye kijiti mpaka ijishike. Baada ya kupanda usimwagilie wiki nzima. Kisha mwagilia pale tu ukichomeka kidole mpaka kifundo cha pili ukakuta pakavu.

Jembe Jipya

Na ya ardhini, pale chini ya mti? Mti si unakunywa maji yote?

Bi Kitalu

Ndiyo maana inaishi pale! Mizizi ya mti inakausha udongo, klivia inakaa juu juu na kunywa mvua inapopita. Usichimbe shimo kubwa ukakata mizizi ya mti, mti utarudisha mizizi yake na utakuwa umejisumbua bure. Lundika mboji ya majani na magome kimo cha kiganja, panda humo, tandaza majani makavu juu kama matandazo, yasiguse shingo. Kila mwaka ongeza majani. Mti wenyewe unayaangusha, wewe uache kufagia tu.

Mbolea kidogo, ile inayoyeyuka polepole, mara mbili kwa mwaka mmea ukiwa unakua. Isiwe yenye naitrojeni nyingi. Utavuna majani tu.

Mama Wawili

Samahani naingilia. Nina watoto wadogo na mbwa mwenye tabia ya kutafuna chochote. Nimeambiwa klivia ni sumu, ni kweli au ni maneno?

Babu Majani

Ni kweli. Ni jamaa ya amarilisi, na kama jamaa zake wengi ina sumu iitwayo lycorine. Ipo kwenye mizizi, majani, mpaka matunda. Akitafuna kidogo, mtu au mbwa, hutoka mate mengi, hutapika na kuharisha. Akila nyingi hali huwa mbaya zaidi, apelekwe kwa daktari. Ninachokihofia kwa watoto ni matunda: yakiiva yanakuwa mekundu, yanang'aa, kila moja ukubwa wa zabibu nono. Kata bua baada ya maua kunyauka kama huhitaji mbegu. Na vaa glavu ukigawa mashina, utomvu unawasha baadhi ya watu.

Wazulu wanaiita umayime na ipo katika dawa zao za jadi. Hiyo ni kazi ya wanaojua kipimo. Asije mtu humu akachemsha mizizi kwa kuwa amesoma kwenye uzi.

Msomi wa Mboji

Mkiwa kwenye majina, niruhusuni nichafue uzi kidogo.

Jina Clivia lilitolewa mwaka 1828 na mtaalamu wa mimea John Lindley, kumheshimu Charlotte Florentia Clive, mke wa Duke (cheo kikubwa cha ukabaila) wa Northumberland, Uingereza, ambaye kwenye bustani zake za Syon karibu na London mmea huo ulichanua. Babu yake ni Robert Clive, jemadari Mwingereza aliyejulikana kama Clive wa India. Mwaka huo huo William Hooker naye akautangaza kwa jina lake, Imatophyllum. La Lindley likashinda, na tushukuru, maana hebu fikiria mnamwambia jirani "naomba chipukizi la imatofilumu".

Ndiyo maana kuna wanaoshikilia itamkwe "klaivia", kama Clive. Nimeona watu wazima wakinuniana kwa hilo. Kwetu klivia inatosha.

Ile ya 1828 ni Clivia nobilis, yenye maua membamba yanayoinama kama kengele, yanayotembelewa na ndege chozi. Hii mnayoipanda wote ni Clivia miniata. Ua lake limetazama juu na kufunguka kama tarumbeta, na huko msituni wageni wake wakubwa ni vipepeo. Zipo nyingine: gardenii, caulescens, robusta. Halafu mwaka 2002 ikatangazwa Clivia mirabilis kutoka jimbo la Rasi ya Kaskazini, huko huko Afrika Kusini lakini mbali kabisa na ndugu zake, kwenye nchi kavu ya mawe ambayo mvua yake hunyesha wakati wa baridi. Hakuna aliyetegemea kukuta klivia kule. Hiyo inavumilia jua kuliko zote, kwa hiyo Jembe naye ana ndugu yake.

Jembe Jipya

Hatimaye 😂 nimepata wa upande wangu.

Mwanakivuli

Wakati mnasoma historia mimi nimekutana na kitu. Nikifungua majani ya yale ya chini, ndani kabisa kuna vitu vyeupe kama pamba. Vingine vimejificha mpaka kwenye mizizi.

Bi Kitalu

Vidung'ata. Vinapenda pale majani yanapobanana kwa sababu hakuna anayetazama. Vikiwa vichache, pamba iliyochovywa kwenye spiriti, unavigusa kimoja kimoja. Vikiwa vingi, maji ya sabuni laini, unaingiza mpaka ndani, unasuuza baadaye, unarudia kila wiki kwa wiki nne kwa sababu mayai hayafi yote. Angalia pia chungu (wale wadudu, si cha kupandia). Wakipanda na kushuka kwenye majani ujue wanafuata utamu wa vidung'ata, na wao ndio wanaovilinda na kuvihamisha.

Na usiku toka na tochi. Konokono wanapenda bua changa. Ukiona ncha ya jani imekauka na kuwa kama karatasi, ichane taratibu uone kama ndani kuna kiwavi mweusi mwenye madoa ya njano. Huyo anakula kutoka ndani, anashuka mpaka kwenye kitako. Anaweza kumaliza shina zima wiki moja wewe ukisifia majani.

Mwanakivuli

Wapendwa, narudi baada ya miezi mitano.

Ya chungu ilibaki na mizizi minne. Niliipanda kama Bi Kitalu alivyosema, ikalegea, ikapoteza majani matatu ya chini, nikalia kidogo. Kisha baridi ikaja. Safari hii sikuiingiza ndani. Nilikuwa nikipita barazani natazama upande mwingine nisije nikashika kopo la maji. Wiki saba. Wiki ya nane kitu cha rangi ya kijani kilichobapa kikachungulia katikati ya majani. Nikasubiri sentimita 15 kwa rula, Babu, kwa rula.

Leo bua lina sentimita 38 na maua 13 yamefunguka, chungwa iliyokoza, kooni njano. [picha] [picha] [picha] Samahani kwa picha nyingi.

Ya chini bado. Shina kubwa limefika majani 11.

Babu Majani

Vizuri. Mizizi minne na maua 13. Mwaka ujao usishangae likitoa machache au lisitoe kabisa, limetumia akiba. Uliache lijenge mizizi.

Mama Wawili

Hongera mpenzi! Sasa mbegu zinapatikanaje? Maana wewe kugawa umekatazwa 😄

Bi Kitalu

Katikati ya ua kuna uzi mrefu kuliko nyingine, ncha yake imegawanyika mara tatu. Ncha ikiwa na unata, chukua chavua ya njano kwa brashi laini au ncha ya kidole, kutoka ua la mmea mwingine ukiwa nao, gusa pale. Basi.

Ukifanikiwa, baada ya ua kuanguka kifundo cha kijani kinabaki na kuanza kuvimba. Kisha unasubiri miezi tisa, kama mimba ya mtu. Kwa mwanakivuli ambaye mmea wake umetoka hospitali, nashauri aache matunda mawili tu.

Tunda likiwa jekundu lote na limelainika, menya, ondoa nyama na ule utando unaoteleza, osha mbegu. Ni nene, nyeupe kama lulu, moja au kadhaa kwa tunda. Usizikaushe ukaweka kwenye bahasha, zitakufa. Zipandwe zikiwa mbichi. Zibonyeze tu juu ya mchanganyiko uliolowa kidogo, zisifunikwe, weka nailoni juu ya chombo, kivulini, penye joto la nyuzi 20 na kitu. Wiki 4 hadi 6 mzizi unatoka. Ukiona mzizi unaelea hewani badala ya kushuka, toboa kishimo kwa kijiti uuelekeze humo. Jani linafuata baadaye.

Kimya Kingi

Nimekaa kwenye mkeka huu zaidi ya mwaka bila kusema neno, na sasa ninalo.

Niliposoma maelezo ya Bi Kitalu kuhusu chavua nilikuwa na klivia mbili za njano, nimezipata kwa watu wawili tofauti. Zilichanua pamoja. Nikachukua chavua ya moja nikaweka kwa nyingine. Nikasubiri miezi tisa. Nikaosha mbegu, nikapanda 20, zikaota 19. Leo miche ina jani moja moja, na kila mche una rangi ya zambarau pale kwenye kitako. Nimeona mahali kwamba mche wa njano kitako chake ni kijani kitupu. Niambieni nimesoma vibaya.

Babu Majani

Hukusoma vibaya. Kitako cha zambarau, maua ya chungwa. Yote 19.

Kimya Kingi

Lakini baba njano, mama njano! Kuna nyuki aliniingilia?

Babu Majani

Hapana, kazi ni yako mwenyewe. Rangi ya chungwa inatengenezwa kwa hatua, kama kiwanda. Ua linakuwa njano pale hatua moja inapokufa. Sasa kuna klivia za njano ambazo hatua iliyokufa ni hii, na kuna ambazo ni ile. Wakuzaji huziita kundi la 1 na kundi la 2. Ukichanganya njano za kundi moja, watoto ni njano. Ukichanganya makundi mawili, mtoto anapata hatua nzima kutoka kwa kila mzazi, kiwanda kinawaka, unapata chungwa. Wewe bila kujua umefanya jaribio safi kabisa la kuthibitisha kwamba zako ni za makundi mawili.

Jembe Jipya

Hapana jamani mimi nalia kwa niaba yake 😂😂

Kimya Kingi

Kwa hiyo nitupe?

Babu Majani

Usitupe. Kila mche hapo umebeba njano zote mbili ndani, zimefichika tu. Ukija kuchavusha miche hiyo yenyewe kwa yenyewe, baadhi ya watoto wao watarudi kuwa njano, na hao utawajua kwa kitako cha kijani kabla hata hawajafika jani la pili.

Mwanakivuli

Hesabu basi. Miaka minne mche uchanue, miezi tisa tunda, miaka minne tena...

Na kwa taarifa, shina langu kubwa la chini ya mti limefika majani 13, na leo asubuhi nimeona kitu kimebapa katikati. Sijakigusa, na maji sijamwagia.

Kimya Kingi

Natandika mkeka upya.